Sita kwenye Kioo

Barafu ikipondwa vizuri hailii kama mawe. Inalia kama mchanga unaokanyagwa. Fundi aliifunga ndani ya kitambaa, akaigonga kwa mpini wa bisibisi juu ya sakafu ya ukumbi mpaka ikasagika, akaijaza kwenye glasi, kisha akamimina maji kidogo kidogo mpaka yakafika usawa wa barafu yenyewe, si juu yake. Akakoroga. Akasubiri.

"Unatutengenezea kinywaji?" aliuliza mama mzee aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu, hatua tatu nyuma yake.

"Natengeneza sifuri, mwalimu."

"Sifuri gani?"

"Nyuzi sifuri. Barafu na maji vikikaa pamoja namna hii, joto lake huwa moja tu, popote pale. Sina haja ya kumwamini aliyetengeneza kipimajoto."

"Nani alikufundisha hayo?"

"Kazi."

"Mimi niliyafundisha miaka thelathini na moja," alisema. "Wanafunzi walikunywa maji, wakatafuna barafu, wakaandika majibu ya kubuni. Haya, endelea."

Fundi alikuwa mtu wa makamo, na wateja wake walimpachika jina la Nukta kwa sababu hakuwahi kutaja joto la kitu bila nukta. Ukimwambia jokofu lako liko nyuzi nne, atakuuliza nne nukta ngapi. Jina lilimkaa vizuri na hakulikataa. Katika kazi ambayo wengi hutia mkono ndani ya jokofu, wakatikisa kichwa na kusema gesi imekwisha, yeye alipima kwanza na kusema baadaye, na aliyoyasema yalikuwa machache.

Asubuhi hiyo alipigiwa simu na binti wa mwalimu. Ndiye aliyemfungulia mlango saa nne kasoro robo, mwanamke wa miaka arobaini na ushei, amevaa nguo za ofisini siku ambayo hakwenda ofisini. Alimpeleka moja kwa moja kwenye pembe ya ukumbi lilipokuwa jokofu dogo lenye mlango wa kioo cheusi, la kuhifadhia mvinyo.

"Tangu jana jioni kioo chake cha namba kinawakawaka kikionyesha herufi moja na namba moja," alisema. "Mara kinarudi kwenye sita, mara kinawakawaka tena. Humo mna insulini ya mama ya mwezi mzima. Saa tisa alasiri gari la makao ya wazee linakuja kumchukua, na dawa zinakwenda naye. Nataka kujua kitu kimoja tu, fundi. Dawa ni nzima au si nzima?"

"Nitapima."

"Pima. Wewe ndiye uliyelitengeneza mwaka jana, unakumbuka? Ukaniambia namba ya hapa niiamini kuliko jokofu la jikoni. Siku ile ile nikahamishia dawa humu." Alisema hivyo kwa shukrani, kama mtu anayemkumbusha mwenzake wema aliomtendea. "Daktari aliponiuliza tunahifadhi wapi, nilimjibu kwa kujiamini: nyuzi sita, usiku na mchana. Akaandika kwamba uhifadhi ni mzuri."

Kisha akapunguza sauti, ila si vya kutosha.

"Mama anaiba sukari. Ndiyo maana anakwenda. Nimemshindwa. Alipokuwa hospitali, analindwa na wauguzi, sukari ilishuka ikawa saba. Amerudi hapa wiki tatu tu, imepanda tena. Mtu atake ushahidi gani zaidi?"

"Nasikia," mwalimu alisema kutoka kwenye kiti chake. "Wamekata mguu, mwanangu, hawakukata masikio."

Binti aliingia chumbani kupanga nguo za mama yake, na mlango akauacha wazi nusu.

Mguu wa kulia wa mwalimu uliishia chini ya goti. Sketi ilikuwa imekunjwa na kubanwa kwa pini kubwa, kwa unadhifu wa mtu anayebana karatasi za mtihani. Uso wake ulikuwa umekauka, lakini macho yalikuwa ya darasani bado: yakikuangalia unajikuta umenyoosha mgongo.

"Unakunywa mvinyo?" alimuuliza fundi.

"Hapana, mwalimu."

"Hata sisi. Hizo chupa sita ni za mkwe wangu. Alipoondoka alichukua kila chenye thamani, akatuachia kinachokula umeme."

Fundi alicheka kwa pua. Alikuwa amekwisha kuingiza kipimajoto chake ndani ya jokofu tangu alipofika, kwenye rafu ya juu, nyuma kabisa, pale bamba la baridi lilipo na pale visanduku vya insulini vilipopangwa. Sasa kioo cha nje kiliacha kuwakawaka, kikaonyesha sita, kijani, bila kuyumba. Alifungua mlango akasoma kipimajoto chake. Mbili nukta moja, chini ya sifuri.

Alikisoma mara ya pili. Aligusa chupa ya mvinyo: ilikuwa baridi, lakini mvinyo ulicheza ndani yake. Mvinyo huhitaji baridi kali zaidi ya hiyo ndipo ugande. Alichukua kichupa kimoja cha insulini, akakielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Ndani mlikuwa na punje nyembamba za barafu zilizoshikamana na kuta zake kama ukungu. Ukikiacha mezani dakika tano tu zingeyeyuka, na kichupa kingekuwa na maji safi yasiyo na kasoro machoni pa mtu yeyote. Alijua yaliyoandikwa ubavuni mwa kila kisanduku, maana alikwisha kutengeneza majokofu ya zahanati nyingi: isigandishwe. Ikiganda imekufa, na ikiyeyuka haifufuki.

Basi jokofu lilikuwa linajidanganya. Kinachopima joto mle ndani ni kihisi, kipunje cheusi kisichofika ukubwa wa punje ya mahindi, kilichofungwa mwishoni mwa waya mbili nyembamba. Kikipata baridi, ukinzani wake kwa umeme hupanda. Kikipata joto, hushuka. Bodi ya jokofu haijui baridi wala joto, inajua ukinzani tu. Ikiletewa ukinzani mdogo kuliko ukweli, itaamini kuna joto, nayo itaendesha kompresa na kuzidi kuiendesha, huku kioo kikisema sita.

Alizima umeme, akachomoa plagi ya kihisi kwenye bodi, akakishusha kipunje pamoja na kipande cha waya ndani ya glasi ya barafu, akaunganisha mita yake kwenye plagi. Kwa nyuzi sifuri alitarajia ukinzani wa ohm elfu thelathini na mbili na mia sita. Mita ilitulia kwenye elfu ishirini na mbili na mia saba.

"Kihisi kimekufa?" aliuliza mwalimu.

"Inaonekana."

"Inaonekana si jibu."

"Ni kweli," alisema fundi. "Sijamaliza kupima."

Kati ya plagi na kipunje palikuwa na kiungo. Waya za kihisi na waya za jokofu zilikutana hapo, katika uvimbe mdogo uliozungushiwa utepe mweusi, uliolala ndani kabisa, nyuma ya bamba la baridi. Alikata waya chini ya kiungo, upande wa kipunje, akapima tena kipunje peke yake kikiwa palepale kwenye barafu.

Elfu thelathini na mbili na mia tano.

Kihisi kilikuwa kizima kama siku kilipotoka kiwandani.

Alibaki amechuchumaa na kile kiungo mkononi. Utepe ulikuwa umelegea na kunata, na alipoufungua maji yalimlowesha vidole. Mle ndani waya nne zilikuwa zimesokotwa mbili mbili kwa mkono, hazikulehemiwa, hazikuvalishwa mpira wa kusinyaa unaozuia maji. Shaba ilikuwa imeota ukijani mzito. Maji yaliyojipenyeza humo yalikuwa yakipitisha umeme kutoka waya hadi waya, yakiupunja ukinzani. Siku kiungo kilipokauka, kioo kilisema kweli. Siku kilipolowa, kilisema uongo. Na jana, utepe ulipoachia kabisa na waya zikagusana, ndipo bodi ilipogundua kuna tatizo.

Hakuwa na haja ya kutafuta tarehe, ila aliitafuta. Ndani ya kifuniko cha nyuma alikuta mwandiko wake, wino mweusi, siku, mwezi na mwaka. Aliandika hivyo kwenye kila mashine aliyoigusa, ili asibishane na mteja. Miezi kumi na moja iliyopita.

Siku hiyo aliikumbuka kwa ukamilifu usiopendeza. Chuma chake cha lehemu alikisahau kwenye kazi ya asubuhi, upande wa pili wa mji. Alikuwa na kihisi kipya, alikuwa na utepe, na mbele yake palikuwa na chupa sita za mvinyo. Mvinyo ukizidi baridi kidogo nani atalia? Alisokota, akafunga, akapima: kila kitu kilikuwa sawa, nukta kwa nukta. Angerudi wiki ile ile kulehemu. Hakurudi. Wala hakuwa amesahau. Alikumbuka mara mbili tatu, akiwa barabarani, na kila mara alijiambia maneno yale yale mawili: mvinyo tu.

"Fundi," mwalimu aliita. "Umeona nini?"

"Nafikiri, mwalimu. Sukari yako huwa mnaipima?"

"Kila siku, asubuhi na jioni." Alitoa daftari kutoka kwenye mfuko wa kiti, bila kuuliza sababu. "Mimi mwenyewe naandika. Binti yangu anaisoma kama hati ya mashtaka."

Daftari lilikuwa na mistari iliyopigwa kwa rula. Fundi alilifungua kwenye mwezi aliofunga kile kiungo. Kabla ya tarehe ya kwenye kifuniko: saba, nane, sita nukta tisa, saba. Kwa wiki mbili baada yake: saba, nane. Kisha kumi na mbili. Kisha kumi na tano. Kisha kushuka hadi tisa, wiki ambayo pengine kiungo kilikauka au dawa mpya haikuwahi kuganda. Kisha kumi na nane, kumi na tisa, kumi na tisa, ukurasa baada ya ukurasa. Pembeni, kwa mwandiko mwingine wenye haraka, binti alikuwa ameandika: *biskuti?* na chini yake *chai ya jirani?* na mahali pamoja, kwa kalamu iliyokandamizwa mpaka karatasi ikachanika: *MAMA MWONGO.*

Halafu hospitali. Saba, saba, saba nukta mbili. Kule dawa ilitoka kwenye jokofu lao.

Halafu nyumbani.

"Je, uliwahi kuiba?" fundi aliuliza, akajishangaa.

"Mara moja. Kijiko cha asali, mwaka juzi. Nikakiri mwenyewe." Mwalimu alifunga macho kidogo. "Ukikiri mara moja, umewapa watu ufunguo wa kukufungulia kila siku."

Mlango wa chumbani ulifunguliwa kabisa. Binti alitoka na mkoba wa vyeti, akasimama juu ya fundi.

"Haya. Nzima au si nzima?"

"Zitupwe zote," alisema fundi. "Ziliganda. Hata zikiyeyuka hazifai. Anunuliwe nyingine leo, na zisiguse jokofu hili."

Binti alikunja uso. "Ziliganda tangu jana? Tangu kioo kilipoanza kuwakawaka?"

Swali lilikuja likiwa limebeba jibu mgongoni. Hakuhitaji kubuni kitu. Alihitaji kuitikia kwa kichwa tu. Dawa mbovu zingetupwa. Mzee angepata dawa nzima. Kwa mwili wake, tofauti ya jana na mwaka jana haikuwa na faida tena, maana mguu hauoti. Fundi alizipanga hoja hizo kwa kasi na kwa mpangilio mzuri, kama mtu aliyekuwa amezitayarisha.

"Tangu jana," alisema.

"Afadhali," binti alishusha pumzi. "Maana nilishaanza kufikiri..." Hakumaliza. "Afadhali. Ngoja nipige simu duka la dawa."

Alirudi chumbani. Sauti yake ilisikika ikitaja jina la dawa, herufi kwa herufi, kwa mtu asiyesikia vizuri.

Mwalimu alikuwa anamwangalia fundi. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na ule uvumilivu wa mtu anayesubiri mwanafunzi aone mwenyewe alipokosea.

"Barafu yako ilisoma ngapi?"

"Elfu ishirini na mbili na mia saba."

"Na ilipaswa?"

"Elfu thelathini na mbili na mia sita."

"Na hicho ulichoshika mkononi, niletee nione."

Alimpelekea. Mwalimu alikigeuza kiungo kwenye kiganja chake, akakisogeza karibu na macho, akakwaruza shaba kwa ukucha. Unga wa kijani ulibaki kwenye ukucha.

"Hii haiwi hivi kwa usiku mmoja," alisema.

"Haiwi."

"Nani alifunga?"

Fundi aligeuka akautazama mwandiko wake ndani ya kifuniko.

"Mimi."

Mwalimu alirudisha kiungo. Alifuta ukucha wake kwenye sketi, polepole, na alipozungumza alikuwa anatazama dirishani.

"Nilimwambia dawa ina kasoro. Mwezi wa kwanza nilimwambia, mwezi wa pili nikamwambia. Akanipeleka hapo, akaninyooshea kidole: mama, soma. Nikasoma. Sita. Sasa utabishana na kipimo? Mimi niliyewachapa watoto wa watu kwa kubishana na vipimo? Kwa hiyo nikaanza kujichunguza. Nikasema, labda nakula usingizini. Wapo watu wa namna hiyo, nimesoma. Nikachukua mtandio, nikajifunga mkono kwenye chuma cha kitanda, mafundo matatu, nikaweka alama ya wino kwenye fundo la juu. Asubuhi fundo lilikuwa palepale, wino palepale. Sukari kumi na tisa. Nikarudia usiku wa pili. Kumi na nane nukta sita. Siku tisa nilifanya hivyo."

"Mwalimu..."

"Siku ya kumi nikaona labda najifungua na kujifunga tena. Kwamba mimi ndiye mwongo na sijijui." Alisema kama anayesoma matokeo. "Hapo ndipo nilipokubali kwenda makao. Sina ugomvi na wewe. Nataka uelewe tu nilikuwa nimefika wapi."

Fundi alibaki amesimama. Katika maisha yake alikuwa ameona vitu vingi vilivyoharibika kwa uzembe: nyama za mchinjaji, chanjo za zahanati, maua ya harusi. Kila kimoja kilikuwa na bei na kila kimoja kilizolewa. Hakuwahi kuona akili ya mtu ikigeuzwa na kufundishwa kujitilia shaka, kiungo kwa kiungo, na mafundo yake matatu na alama ya wino. Tena mtu huyu alipima. Alipima vizuri kuliko alivyopima yeye. Kila alichopima kilikuwa kweli, na kila kweli ilimrudisha kwenye kioo kilichosema sita.

Aliujua uzito wa kimya alichokuwa amepewa. Mzee hakumwambia aseme. Wala hakumwambia asiseme. Angeweza kukusanya vifaa vyake na kuondoka, na hakuna mtu ambaye angemfuata.

Alikwenda akasimama mlangoni pa chumba. Binti alikuwa amemaliza simu, anakunja sweta.

"Nilikudanganya," alisema fundi. "Si jana. Ni tangu mwaka jana. Kihisi ni kizima. Kiungo ndicho kibovu, na kiungo nilikifunga mimi, siku ile uliyonishukuru. Kilikuwa kinaingia maji. Kila kikilowa, kioo kinasema sita na ndani kunaganda. Nimesoma daftari la mama yako. Namba zake zinafuata kiungo changu, hazifuati chakula."

Binti aliendelea kukunja sweta. Alikunja mkono mmoja, akakunja wa pili, akalilaza juu ya mengine.

"Alipokuwa hospitali sukari ilishuka," alisema.

"Kule walimchoma dawa yao."

"Alikuwa analindwa."

"Dada, kule walimchoma dawa yao."

Sweta lilifunguka tena mikononi mwake. Aliketi ukingoni mwa kitanda, na kwa muda mrefu hakuonekana kuumia wala kukasirika. Alikuwa kama mtu anayejumlisha safu ndefu kichwani, naye anafika chini, anarudi juu.

"Nilikuwa namnusa mdomo," alisema hatimaye. "Unaelewa? Mama yangu mzazi. Kila asubuhi kabla ya kazi namwambia, fungua mdomo, nami nainama nanusa. Anafungua. Mama yangu anafungua mdomo wake kama punda anayeuzwa." Akainuka ghafla. "Na wewe ulikuwa wapi? Eh? Wewe bwana Nukta, mwenye vipimo vyako, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa najiambia ni mvinyo tu."

Alimpita kwa bega, nusura amwangushe. Alikwenda mpaka kwenye jokofu, akasimama mbele ya kile kioo kilichozimwa, mgongo akiwa amempa mama yake, maana upande huo hakuweza kutazama bado.

"Nionyeshe," alisema. "Nisimwamini mtu tena. Nionyeshe."

Fundi alichuchumaa. Barafu kwenye glasi ilikuwa imepungua, aliongeza nyingine. Alikishusha kipunje peke yake, akamgeuzia mita. Binti akasoma kwa sauti: elfu thelathini na mbili na mia tano. Kisha akakirudishia kile kiungo kibichi, akakigusanisha, akamgeuzia tena. Binti akaanza kusoma, sauti ikakatika kwenye elfu ishirini.

"Kifunge," alisema. "Chukua waya mpya ukifunge kama ulivyofunga siku ile. Nataka nione."

Hilo lilikuwa gumu kuliko kusema. Alimenya waya, akasokota mbili, akasokota mbili nyingine, akauma utepe kwa meno, akauzungusha mara nne. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe, vyepesi, kwa ustadi ambao kwa mara ya kwanza aliuonea kinyaa.

"Muda gani huo?"

"Sekunde arobaini. Hamsini."

"Na ile njia ya haki?"

"Dakika saba. Na chuma cha lehemu kipate moto."

"Saba," alisema binti. Alimwamuru aandike yote kwenye karatasi, tarehe zote mbili, kwa mkono wake, na atie sahihi, kwa ajili ya daktari na kwa ajili ya yeyote atakayeiuliza baadaye. Fundi aliandika juu ya goti lake. Aliandika *nilifunga* na *sikulehemu* na *nilijua*, maneno ambayo hayakuwahi kuonekana kwenye ripoti yake yoyote, na alipofika kwenye sahihi hakuipunguza urefu.

Binti alipoichukua karatasi hakuisoma. Aligeuka, akapiga hatua tatu zilizomfikisha kwenye kiti cha magurudumu, akapiga magoti sakafuni, kichwa kikiwa usawa wa lile goti lililobanwa kwa pini.

"Mama."

"Usilie juu ya kidonda," mwalimu alisema. "Hakijapona."

"Mama, nitawapigia simu makao. Nitawaambia wasije."

"Waache waje."

"Mama!"

"Waache waje, waone mtu. Saa tisa bado mbali." Mkono wake ulikuwa juu ya mkono wa kiti, sentimita chache tu kutoka kwenye nywele za binti yake, na haukushuka. "Umenipangia kuondoka bila kuniuliza. Sasa unanipangia kubaki bila kuniuliza."

Binti aliinua uso. Ulikuwa umelowa na umezeeka.

"Basi nakuuliza."

"Bado. Sijui jibu. Nilikuwa nimeshajizoeza kutokujiamini. Siwezi kuacha mara moja kama mtu anayevua kanga." Mwalimu alivuta pumzi. "Niulize kitu kidogo kwanza. Kitu ninachokiweza."

Fundi alikuwa amechomeka chuma chake cha lehemu kwenye soketi. Alikishika mkononi, kikiwa bado cha baridi, macho ameyaweka kwenye ncha yake kwa kuwa hakuwa na pengine pa kuyaweka. Kazi ilibaki ifanywe. Hakuna aliyemwambia aifanye na hakuna aliyemwambia aondoke.

Binti alijifuta kwa kiganja. Alitafuta swali. Lilipomjia aliliuliza kwa uangalifu mkubwa, kama anayejaribu mguu wake juu ya ubao asioujua.

"Utakula nini, mama?"

Miezi kumi watu walimwuliza mwalimu alikuwa amekula nini, si anataka kula nini. Alifumba macho, akayafumbua, midomo ikasogea bila sauti, mara moja, mara mbili, akilitafuta jina la kitu chochote duniani alichokuwa anakitamani. Nao wawili, mmoja sakafuni na mwingine ukutani na chuma chake kinachoanza kupata moto, walikaa wakimsubiri.